Kubofya Kulia Pasipo Kitufe

Vitabu vya somo la kompyuta vimejaa agizo fupi lisemalo: bofya kulia. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye kipanya hapati taabu nalo, kwa sababu kipanya kina vitufe viwili, na kile cha kulia anakiona kwa macho yake. Lakini kompyuta za mpakato aghalabu huja bila kipanya. Mahali pake pana kibao laini cha umbo la mstatili, chini ya kibodi, kisicho na kitufe cha kushoto wala cha kulia. Mwanafunzi husoma agizo, akabonyeza upande wa kulia wa kibao, na menyu aliyoahidiwa na kitabu isitokee. Hapo ndipo mashine nzima huambiwa ni mbovu. Pengine huwekwa kabatini. Pengine hupelekwa kwa fundi, na shule ikalipa fedha kwa kazi ya dakika moja.

Kwa mwanafunzi aliyeanza na simu kabla ya kompyuta, agizo lenyewe ni fumbo. Kwenye simu hakuna kulia wala kushoto. Akitaka menyu ya picha au ya ujumbe, huweka kidole juu yake na kukiacha hapo kwa kitambo. Kwa hiyo tayari analijua tendo linalotafutwa, ila hajui kwamba ndilo hilo hilo ambalo kitabu kinaliita kubofya kulia.

Makusudio ya makala haya ni kueleza yanayotendeka ndani ya kibao cha mguso tangu vidole vinapotua hadi menyu inapofunguka, na jinsi ya kukipanga ili kitii. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba katika vibao vingi vya leo kitufe cha kulia hakipo kabisa, hata chini ya kibao. Kilichopo ni uamuzi: kompyuta hupima, huhesabu, kisha huamua kwamba mguso huu una maana ya pili. Uamuzi huo hufuata kanuni zilizowekwa katika mipangilio, na kanuni hizo mwalimu au mwanafunzi anaweza kuzibadili mwenyewe.

Kitufe cha pili kilikotoka

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mjini Menlo Park, jimbo la California, Marekani. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, na aliyekiunda ni mhandisi mwenzake, Bill English. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili ya chuma chini yake na kitufe kimoja juu. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alipoionyesha kazi yake mbele ya mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini San Francisco, kipanya alichokishika kilikuwa na vitufe vitatu.

Idadi ya vitufe ikawa jambo la kubishaniwa kwa miaka mingi. Kompyuta ya Alto, iliyoundwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, ilikuwa na vitatu. Xerox Star ya mwaka 1981 ikawa na viwili. Apple Lisa ya mwaka 1983 ikaja na kimoja tu, kwa hoja kwamba mtu asiyewahi kuigusa kompyuta asitiwe wasiwasi wa kuchagua kitufe. Mwaka huo huo Microsoft ikatoa kipanya cha vitufe viwili. Hata hivyo kitufe cha pili kilikaa muda mrefu bila kazi moja iliyokubaliwa, na kila programu ilikitumia ipendavyo. Ilikuwa Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, iliyokizoeza umma kazi tunayoijua leo: kufungua menyu ya mambo yanayoweza kufanywa juu ya kitu kile kile kilichoelekezewa mshale.

Apple nayo ililipokea wazo hilo mwaka 1997 katika Mac OS 8, lakini haikuongeza kitufe. Mtumiaji alishikilia kitufe cha Control kwenye kibodi, kisha akabofya kwa kitufe kile kile kimoja. Tendo hili lafaa kuangaliwa vizuri, kwa maana linaonyesha kwamba tangu zamani menyu haikutegemea upande wa kulia. Ilitegemea ishara yoyote iwezayo kutofautisha mbofyo mmoja na mwingine. Apple huuita mbofyo wa pili, na kwa maoni ya mwandishi jina hili ni bora kuliko tulilozoea, kwa sababu halimpeleki mwanafunzi kutafuta kitu upande ambao hakipo. Katika makala haya tutalitumia.

Kibao cha mguso chenyewe kilianza kuenea katika miaka ya 1990. Miongoni mwa kompyuta zilizokitangaza ni PowerBook 500 za Apple za mwaka 1994. Wakati huo kibao kiliongoza mshale, na kitufe halisi kilikuwa pembeni yake. Kompyuta za Windows zilikuwa na viwili, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Mashine za namna hiyo bado zipo, na katika hizo kubofya kulia ni kubofya kulia kweli. Taabu tunayoizungumzia ilikuja pale vitufe vilipoondolewa na kibao chote kikageuzwa kuwa kitufe kimoja kikubwa, kama ilivyokuwa katika MacBook za Oktoba 2008. Watengenezaji wengine wengi walifuata.

Kibao kinavyokihisi kidole

Chini ya uso wa kibao, ambao huwa ni wa plastiki ngumu au kioo, mna matabaka mawili ya vipande vyembamba vya metali. Vipande vya tabaka moja vimelazwa kwa mapana, na vya tabaka la pili kwa marefu, mfano wa miyaa ya mkeka inavyopishana. Tofauti na mkeka ni kwamba vipande hivi havigusani. Kati ya tabaka na tabaka pana kihami kisichopitisha umeme.

Mwanafunzi wa fizikia ataitambua mara moja kapasita: metali mbili zilizotenganishwa na kihami, ziwezazo kulimbikiza chaji ya umeme. Kila mahali kipande cha mapana kinapopita juu ya kipande cha marefu, pana kapasita moja ndogo mno. Kapasitansi yake hukadiriwa kwa pikofaradi, na pikofaradi moja ni faradi iliyogawanywa kwa milioni moja, kisha ikagawanywa tena kwa milioni moja.

Mwili wa binadamu umejaa maji yenye chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Kidole kinapokikaribia kibao, sehemu ya uga wa umeme uliokuwa ukitoka kipande kimoja kwenda kingine hugeukia kidole na kuishia mwilini. Kapasitansi ya makutano yaliyo chini ya kidole hupungua kidogo, kwa sehemu tu ya pikofaradi moja. Chipu iliyo chini ya kibao hutuma mapigo ya umeme katika vipande vya mapana, kimoja baada ya kingine, na kila mara hupima kinachofika katika vipande vya marefu. Kazi hiyo hurudiwa kiasi cha mara mia moja kila sekunde, bila kuchoka, hata wakati ambapo hakuna aliyeweka mkono.

Kutokana na maelezo haya twaweza kuona mambo mawili ambayo darasa laweza kuyahakikisha. La kwanza, kibao hakihitaji kusukumwa. Mguso mwepesi kama wa nzi hutosha. La pili, kitu kisichopitisha umeme hakionekani kwacho. Gusa kwa mgongo wa kalamu ya plastiki, mshale hausogei. Funga kidole kwa kitambaa kinene kilichokunjwa mara kadhaa, hausogei vilevile. Kisha shika mkononi kipande cha ndizi mbivu na uguse kwa ncha yake: kibao kitaidhani ni kidole, kwa kuwa ndizi ina maji na chumvichumvi, nayo imeungana na mwili wako. Futa kibao mara moja baada ya jaribio hili.

Swali ambalo wanafunzi hodari huuliza ni hili: ikiwa vipande vimeachana kwa milimita kadhaa, mbona mshale husogea kwa ulaini na haurukiruki kama panzi kutoka kipande hadi kipande? Jibu ni kwamba kidole ni kipana na hufunika makutano kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake. Tuseme kipande cha 4 kimeonyesha badiliko la 20, cha 5 badiliko la 60, na cha 6 badiliko la 40. Chipu hutafuta wastani wenye uzito: 4 mara 20 ni 80, 5 mara 60 ni 300, 6 mara 40 ni 240, jumla ni 620. Ikigawanywa kwa 120, ambayo ni jumla ya mabadiliko, hupatikana 5.17. Hivyo kitovu cha kidole kipo mbele kidogo ya kipande cha 5, mahali ambapo hapana kipande chochote. Ni hesabu ile ile ya kutafuta kitovu cha uzito wa ubao uliowekewa mawe.

Vidole viwili na mizimu miwili

Sasa tufike penye kiini cha jambo letu. Vibao vya zamani havikupima kila makutano peke yake. Vilipima kila kipande cha marefu kizima, kisha kila kipande cha mapana kizima. Kwa kidole kimoja njia hii yatosha: kunakuwa na kilele kimoja katika marefu na kilele kimoja katika mapana, na mahali vinapokutana ndipo kidole kilipo.

Weka vidole viwili, na mambo hubadilika. Tuseme vilele vimeonekana katika vipande vya marefu vya 3 na 9, na katika vipande vya mapana vya 2 na 7. Vidole viko wapi? Huenda kimoja kipo penye 3 na 2, na kingine penye 9 na 7. Lakini vipimo vingekuwa vile vile kama kimoja kingekuwa penye 3 na 7, na kingine penye 9 na 2. Pana nukta nne, mbili za kweli na mbili za uongo, na kibao hakina njia ya kuzipambanua. Wahandisi huziita nukta za uongo mizimu. Mwanafunzi achore miraba kwenye daftari, aweke vitone viwili, kisha amwonyeshe mwenzake vilele tu na kumtaka aseme vitone vilipo. Ataona kwamba haiwezekani.

Dawa ya mizimu ni kupima kila makutano. Gharama yake ni kazi. Kibao chenye vipande 20 vya marefu na 12 vya mapana kwa njia ya zamani kilihitaji vipimo 32; kwa njia mpya kinahitaji 240, na vyote vimalizike ndani ya sehemu ya mia ya sekunde. Chipu zilipopata kasi ya kutosha na bei yake kushuka, njia hii ikawa ya kawaida.

Lakini zingatia jambo moja. Kwa ajili ya mbofyo wa pili hatuna haja ya kujua vidole viko wapi; twahitaji tu kujua kwamba ni viwili. Hata kibao chenye mizimu chaweza kuhesabu vilele. Vidole vikiwa juu ya mstari mmoja wa mapana, vilele viwili vitaonekana katika marefu, na kinyume chake. Ndiyo maana kompyuta nyingi kuukuu, zisizoweza kuzungusha picha kwa vidole viwili, huweza kufungua menyu kwa vidole viwili bila shida.

Kinachoweza kuwashinda wote, wazee na vijana, ni vidole vilivyobanana. Vikigusana, kilele huwa kimoja kipana, na kibao hudhani ni kidole kimoja kinene. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mguso wa vidole viwili humkubali mara moja na kumkataa mara mbili, mtazame mikono kwanza. Mwambie aache nafasi ya kiasi cha upana wa kidole kati ya kidole cha shahada na cha kati. Mara nyingi malalamiko huishia hapo.

Kugusa na kubonyeza ni mambo mawili

Kuna njia mbili za kubofya kwenye kibao kisicho na vitufe, nazo huchanganywa mno.

Ya kwanza ni kugusa upesi na kuachia. Hapa hakuna kinachosogea. Programu ya kompyuta huona vidole vimetua, havikusafiri zaidi ya milimita chache, na vimeondoka kabla ya kupita kiasi cha moja ya tano ya sekunde. Ikiwa kilikuwa kidole kimoja, ni mbofyo wa kwanza. Vikiwa viwili, ni wa pili. Kwa kuwa vidole vya mtu havitui kwa pamoja kabisa, programu haina budi kungoja kidogo ione kama cha pili kinakuja. Mtu anayegusa taratibu na kuacha vidole vikae hatapata menyu, kwa sababu kwa hesabu ya kompyuta huko si kugusa, ni kupumzika.

Ya pili ni kubonyeza mpaka kibao kilie. Chini yake, upande ulio karibu na mtumiaji, pana swichi moja. Katika vibao vingi bawaba ipo upande wa juu, karibu na kibodi, na kwa hiyo kubonyeza sehemu ya juu ni kugumu na ya chini ni kwepesi, kama mlango unavyosukumika kwa urahisi mbali na bawaba zake. Swichi ikiwa ni moja tu, yenyewe haijui kulia wala kushoto. Inasema tu: nimebonyezwa. Kompyuta ndiyo inayotazama vipimo vya vidole wakati huo huo na kuamua maana. Inaweza kuamua kwa idadi, yaani vidole viwili juu ya kibao ni mbofyo wa pili. Au inaweza kuamua kwa mahali, yaani kidole kilicho katika pembe ya chini kulia ni mbofyo wa pili. Kanuni hizi mbili ndizo chanzo cha mkanganyiko mwingi shuleni. Mashine mbili zinazofanana kwa sura zaweza kufuata kanuni tofauti, na mwanafunzi aliyezoea moja akaiona nyingine mbovu.

Baadhi ya kompyuta za Apple tangu mwaka 2015 hazina hata swichi. Vipimo vya mkazo huhisi nguvu ya kidole, na sumaku-umeme hukitikisa kibao kidogo hata mtu akadhani kimebonyea. Kompyuta ya namna hiyo ikizimwa, kibao hakibonyei kamwe. Wako walioshtuka wakafikiri wamekivunja.

Kupanga mbofyo wa pili

Kwa kuwa skrini za kompyuta nyingi huandikwa kwa Kiingereza, majina ya sehemu za mipangilio tutayataja kama yanavyoonekana.

Katika Windows 11, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows na ubonyeze herufi I, mipangilio itafunguka. Chagua "Bluetooth & devices", kisha "Touchpad", kisha "Taps". Katika mashine ambazo bado zinatumia Windows 10, njia ni "Devices" kisha "Touchpad". Hapo pana visanduku viwili vinavyotuhusu: kimoja husema kugusa kwa vidole viwili kuwe mbofyo wa kulia, na kingine husema kubonyeza pembe ya chini kulia kuwe mbofyo wa kulia. Vyote viwili vyaweza kutiwa alama kwa pamoja. Ikiwa ukurasa huo hauna chochote cha maana, huenda kibao hicho ni cha mtindo wa kale. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, Microsoft iliweka utaratibu ambao kibao hutoa vipimo tu na Windows yenyewe ndiyo inayoamua. Kabla yake, uamuzi ulikuwa wa programu ya mtengenezaji wa kibao. Kwa vibao hivyo vya kale hapana budi kuitafuta programu ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi huwa na ukurasa wake katika mipangilio ya ziada ya kipanya.

Katika Mac, fungua menyu yenye nembo ya tufaha, chagua "System Settings", kisha "Trackpad", na penye maneno "Secondary click" uchague vidole viwili, au pembe ya chini kulia, au pembe ya chini kushoto. Hii ya mwisho ni neema kwa wanaotumia mkono wa kushoto. Njia ya Control ya mwaka 1997 nayo ingali inafanya kazi.

Ubuntu, inayopendwa na shule zisizotaka kulipia programu, hutumia mazingira ya GNOME. Toleo la GNOME la mwaka 2018, yaani 3.28, liliacha kanuni ya pembe na kuchukua ya vidole viwili kama desturi. Waliozoea pembe walidhani kompyuta zao zimeharibika siku walipoziboresha. Toleo la 46 la mwaka 2024 liliweka chaguo la kanuni hizo mbili katika mipangilio, penye "Mouse & Touchpad". Hapo hapo mtu aangalie kama kugusa kunahesabiwa kuwa kubofya, kwani yawezekana kumezimwa.

Je, mwalimu aichague kanuni ipi kwa darasa la wanaoanza? Mwandishi hupendelea vidole viwili, kwa kuwa haidai mtu akumbuke mpaka usioonekana kwa macho, na kwa kuwa hukubalika takriban katika kila mashine atakayokutana nayo baadaye. Lakini ipo hoja upande wa pili ambayo haipasi kudharauliwa. Mwanafunzi aliyepoteza kidole, au ambaye mkono wake hautulii, huiweza pembe kuliko vidole viwili. Pale ambapo mfumo unaruhusu zote mbili, kwa nini mtu amnyang'anye mwenzake mojawapo? Aidha kila mwanafunzi ajue kwamba katika Windows na katika Ubuntu, kushikilia Shift na kubonyeza F10 hufungua menyu ile ile bila kukigusa kibao. Siku ya mtihani wa vitendo, maarifa hayo madogo yaweza kuokoa dakika kumi.

Mipangilio hii huhifadhiwa kwa kila akaunti ya mtumiaji. Mahali ambapo darasa zima linaingia kwa akaunti moja, anayeibadili humbadilishia kila mtu.

Kibao kinapogoma kweli

Kabla ya kumwita fundi, fungua ukurasa mrefu wowote na uuvute juu na chini kwa vidole viwili. Ukisogea, basi kibao kinaviona vidole vyote viwili, na kukosekana kwa menyu ni jambo la mipangilio tu. Usiposogea, chomeka kipanya cha kawaida na ubofye kulia kwa kitufe chake. Menyu ikifunguka, mfumo ni mzima na tatizo lipo katika kibao au programu yake.

Hali nyingine ni kinyume cha hiyo: menyu hufunguka kila mara, hata pasipotakiwa. Aghalabu kisa ni kidole gumba kilicholazwa sehemu ya chini ya kibao wakati kidole cha shahada kinabonyeza. Kanuni ya idadi imehesabu vidole viwili, nayo imehesabu sawasawa. Mikono yenye jasho au maji nayo huleta vitendo visivyoeleweka, kwa kuwa tone la maji hupitisha umeme kama kidole.

Ikiwa mshale hutetemeka au kibao hubofya chenyewe wakati kompyuta inachajiwa tu, chomoa chaja uone. Kutetemeka kukikoma, chaja ndiyo mkosaji. Chaja hafifu, hasa zisizo na waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi, au zilizochomekwa katika soketi ambayo ethi yake haijaungwa, hupenyeza mtikisiko wa umeme ndani ya mashine. Kibao kinachopima sehemu ya pikofaradi hakiwezi kustahimili kelele hiyo.

Hali moja haina uhusiano wowote na mipangilio, nayo ni ya hatari. Katika kompyuta nyingi za mpakato betri ya lithiamu hukaa chini ya kibao au jirani yake. Betri iliyozeeka au iliyopatwa na joto jingi huzalisha gesi ndani yake na kuvimba, ikakisukuma kibao kutoka chini. Kibao kilichokuwa kikibonyea vizuri huwa kigumu, au hukataa kubonyea upande mmoja, au huinuka kidogo kuliko kingo zake. Pengine kifuniko cha chini nacho huachana na mwili wa kompyuta, na mashine haikai sawasawa juu ya meza. Mtumiaji asikibonyeze kwa nguvu ili kukirudisha. Azime kompyuta, achomoe chaja, aiweke mahali penye hewa, mbali na karatasi na vitambaa, na asiichaji tena mpaka fundi anayezijua betri za lithiamu aiondoe. Betri hiyo isitobolewe wala isitupwe jalalani, kwa kuwa ikipasuka huweza kuwaka moto.